Aluminiamu iliyoyeyuka: 860 au 1,050?

Mdogo wangu mmoja anasoma hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kaniandikia hivi: "Kaka, nimepima mvutano wa uso (ile nguvu inayokaza uso wa kimiminika) wa aluminiamu safi kwa njia ya tone lililotulia juu ya kisahani cha alumina, gesi ni agoni, nyuzi 700, nikapata 860 milinyutoni kwa mita. Kitabu kimoja kinakubaliana na mimi, kingine kinasema karibu 1,050. Nitumie ipi kwenye modeli ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali?"

Mdogo wangu, zote mbili zimepimwa vizuri tu, ila hazijapima uso mmoja. Hiyo 860 ni ya aluminiamu iliyoshika oksijeni, 1,050 ndo ya uso msafi. Umewaona mafundi wanaosubu masufuria hapa mjini, wanavyoengua ile ngozi ya kijivu ya oksaidi juu ya chungu na baada ya muda mfupi tu imerudi? Ndo hiyohiyo iko kwenye tone lako hata kama huioni, na agoni ya mtungi haiwezi kuizuia maana oksijeni kidogo sana inatosha.

Dawa yake ni kulisukuma tone litoke kwenye tundu dogo la kauri, ngozi ya zamani inabaki nyuma, tena ndani ya vakyumu nzuri na moto upande kwenye nyuzi 1,000 hivi, hapo oksaidi iliyobaki huondoka yenyewe kama gesi. Usitumie kisahani cha grafaiti, kinareakti na aluminiamu. Halafu densiti, maana mvutano unaukokotoa kwa umbo la tone pamoja na densiti yake, weka ya kimiminika, gramu 2.37 hivi kwa sentimita ya ujazo, sio 2.70 ya kigumu, wengi wanateleza hapo na kosa linaingia lote kwenye jibu.

Sasa modeli. Mlinganyo wa Butler wa 1932 unachukulia uso kama tabaka moja la atomu lililo kwenye msawazo na kimiminika cha chini, kwa hiyo metali yenye mvutano mdogo inapanda juu. Ukichanganya na bati, lile la kwenye lehemu, lenye 550 hivi, kidogo tu linashusha mvutano wa aloi sana. Ila mlinganyo unaanza na namba za metali safi, ukiuwekea 860 pengo kati ya aluminiamu na bati linapungua kutoka 500 hadi 310, na bati itaonekana haipandi sana juu wakati kwenye tanuru inapanda. Kwa hiyo weka 1,050 iliyorekebishwa kwa joto lako, na ile 860 yako iandike kwenye ripoti kwa jina lake, aluminiamu yenye oksijeni, usiifute.