Barua kwa Mwanangu Anayeona Haya Kukoroma

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi, sisi huku Tanga hatujambo, na goti la baba yako limepata nafuu tangu mvua zikatike. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, na jana usiku nikamsomea baba yako zile sehemu ambazo mama anaweza kumsomea baba. Unasema kwamba tangu mimba ivuke miezi saba umeanza kukoroma, jambo ambalo hukuwa nalo tangu utoto. Kwamba mumeo, bila kulalamika hata kidogo, amehamishia godoro sebuleni ili apate usingizi kabla ya kwenda kazini alfajiri. Na kwamba unaona haya kiasi cha kutaka kuja nyumbani sasa hivi, bila kusubiri tarehe tuliyopanga, ili ukoromee kwa mama yako na si kwa mkwe wetu. Unaniuliza: nije, au nisije?

Swali hilo nitalifikia. Kwanza nataka kujua jambo ambalo hukuligusa, nalo ni hili: tangu godoro lile lihamie sebuleni, nani anakusikia usiku?

Mkoromo wenyewe si ajabu. Mdogo wako, tangu aanze masomo ya ukunga, hunieleza mambo haya kwa subira ambayo sikumjua nayo alipokuwa mdogo. Homoni za ujauzito hufanya ngozi laini ya ndani ya pua na koo ivimbe. Damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo kabla ya mimba, na mishipa midogo ya puani hujaa. Nao mji wa mimba, kadiri unavyopanda, hukisukuma juu kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, hivyo pumzi hupita kwa shida katika njia iliyokwisha kuwa nyembamba. Ongeza hapo ukavu na vumbi la Dodoma, ambavyo pua iliyokulia kwenye unyevu wa Tanga haikuvizoea, na utaona kwamba hukukosa adabu wala hukupungukiwa na kitu cha kike. Kwa wanawake wengi mkoromo wa namna hiyo hupungua au huondoka kabisa baada ya kujifungua. Wangu uliondoka.

Lakini imani yangu unaijua, kwa kuwa nimeirudia mbele ya kila mwari aliyeolewa katika ukoo wetu: mjamzito anayekoroma asiachwe alale peke yake. Na unajua imetoka wapi, ingawa nadhani umeisikia zaidi kwa bibi yako kuliko kwangu, na yeye alikuwa na desturi ya kuruka sehemu inayoniuma.

Unaikumbuka nyumba ya Bweni, kule ukingoni mwa mto Pangani, kabla baba yako hajaipandisha kuta: vyumba vinne chini ya paa moja la makuti, na kuta zikiishia urefu wa mtu aliyenyoosha mkono, hivi kwamba anayeota katika chumba cha mwisho husikiwa na anayesali ukumbini. Nilikwenda pale nikiwa na mimba yako ya mwezi wa nane, kwa harusi ya shangazi yako mdogo. Nyumba ilijaa, na wanawake tulilala kwenye mikeka bega kwa bega. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kukoroma, mimi ambaye baba yako alikuwa akisema nalala bila kusikika. Asubuhi, vitumbua vikipakuliwa na wageni wa upande wa bwana harusi wakiwa wamekwisha kukaa, mmoja wa mawifi zangu alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba usiku kucha alidhani pantoni ya Pangani imepanda nchi kavu inatafuta abiria. Sitamtaja, nawe unamjua, maana ndiye aliyekupakata ulipotolewa nje siku ya arobaini. Ukumbi mzima ulicheka. Akaiga na sauti yenyewe, akaombwa arudie, akarudia.

Mwanangu, nimewazika wazazi wangu wote wawili, na dunia imenionyesha mengi makubwa kuliko utani wa asubuhi moja, lakini kicheko kile bado kinanichoma pale pale kiliponichomea.

Usiku uliofuata nilikataa kulala. Nilikaa nimeegemea ukuta, nikijifinya mkono kila kope zilipoanza kushuka, na mchana nilikuna nazi na kuchagua mchele pamoja na wenzangu, kichwa kikinigonga, na pete ya ndoa ikiwa haivuki fundo la kidole. Kila aliyeniona alisema ni uchovu wa shughuli. Aliyeona tofauti ni bibi yako. Alikuwa akiamka usiku wa manane kusali, na usiku mmoja wa harusi ile, usingizi uliponishinda nikiwa nimekaa, alinisikia nikikoroma, kisha akasikia nimenyamaza, kimya kikawa kirefu kuliko kawaida ya pumzi, halafu nikashtuka nikipaliwa na kuanza upya. Hakuniamsha. Alivuta kigoda, akakaa karibu yangu, akawa anahesabu vimya vile kwa tasbihi yake. Alfajiri alinifunga kanga, akanishika mkono, tukavuka mto kwa kivuko cha kwanza kwenda hospitalini ng'ambo ya Pangani; na yeye ndiye mama wa bibi harusi, na nyumba imejaa wageni waliokuwa wakimsubiri. Wauguzi walinipima presha mkono wa kwanza, wakapima na wa pili, ikawa 160 kwa 100, na mkojo ulikuwa na protini. Sikurudi Bweni. Ulizaliwa kabla ya wakati wako, na yaliyofuata bibi yako alikuwa akikusimulia kila Idi mpaka alipotutoka.

Hujibishana na nafsi yangu kuhusu asubuhi ile mpaka leo. Husema kwamba wifi yangu hakuwa na chuki, na kwamba harusi isiyo na utani wa mawifi haijatimia, na hata mimi nimewahi kuwatania wake za kaka zangu. Presha nayo haikuletwa na kicheko; mdogo wako amenieleza wazi kwamba ugonjwa ule unaoweza kufikia kifafa cha mimba huanzia kwenye kondo la nyuma, siku nyingi kabla dalili hazijaonekana. Basi kwa nini moyo haulegei? Kwa sababu mtu aliyechekwa hujificha. Kama bibi yako angekuwa na usingizi mzito usiku ule, mimi ningeendelea kukaa macho na kutabasamu mchana, na hakuna ambaye angejua kwamba pumzi yangu inakatika. Nimemsamehe wifi yangu, tunazikana na tunaozeana, lakini siwezi kusema kwamba jambo lile lilikuwa dogo.

Hivi karibuni mdogo wako alinisomea kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwafuatilia wajawazito zaidi ya 1,700, na wakaona kwamba walioanza kukoroma wakiwa tayari na mimba walipatwa na presha ya ujauzito zaidi kuliko wasiokoroma. Alipomaliza nilimkumbuka bibi yako na kigoda chake. Sisemi kwamba kila mkoromo ni presha, na hata watafiti hao hawakusema hivyo. Wajawazito wengi hukoroma na kujifungua salama. Nasema kwamba mkoromo ulioanza na mimba ni habari ya kupelekwa kliniki, na wewe katika ujumbe wako mrefu hukutaja kliniki hata mara moja. Mkunga hawezi kuuona mkoromo wako mchana. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, na umwambie pia kama unaamka na kichwa kinauma au mdomo umekauka, na kama mchana unasinzia hata ukiwa umekaa na watu. Mumeo anaweza kurekodi kwa simu dakika chache za usiku, hasa ule ukimya unaofuatwa na kushtuka, kwa sababu pumzi inayokatika usingizini hunyima hewa watu wawili.

Katika kulala kwenyewe, lala ubavu, wa kushoto ukiweza, na wa kulia pia haudhuru, ukiwa na mto mmoja mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Kulala chali katika miezi hii kunafanya uzito wa mimba ukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na koo nalo hulegea nyuma na mkoromo huzidi. Ukiamka ukajikuta chali usiingiwe na hofu, geuka tu uendelee na usingizi. Inua upande wa kichwa wa kitanda kwa kuweka tofali moja moja chini ya matendegu, kwa sababu kurundika mito chini ya kichwa peke yake hukunja shingo na kubana njia ile ile unayotaka kuifungua. Ule mto wa sufi niliokupa ulipoolewa, uutoe kitandani bila kuniogopa. Sufi ya zamani hutoa vumbi, nami nitakushonea mwingine. Acha pia kufukiza udi chumbani mpaka ujifungue. Najua ninavyoupenda na jinsi nilivyokulea ndani ya moshi wake, lakini pua iliyovimba haivumilii moshi, wala wa udi wala wa ile dawa ya mbu ya kuchoma, chandarua kinatosha. Chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja, na usafishe pua kwa maji hayo kabla ya kulala. Matone ya duka la dawa yanayozibua pua haraka usiyaguse kabla ya kumuuliza mkunga au daktari. Na chakula cha usiku kile mapema.

Ukiumwa kichwa kisichosikia dawa, au ukiona maluweluwe, au uso na mikono ikivimba ghafla, au ukipata maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, usiniandikie mimi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Sasa nirudi kwa mkwe wangu. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kusema kwamba godoro lirudi chumbani leo hii. Kisha nikakumbuka kwamba kijana huyu anaamka saa kumi alfajiri na kushika usukani wa gari lililojaa watu, na dereva ambaye hakulala ni hatari kwa nyumba nyingi kuliko ya kwake. Nikakumbuka pia kwamba hakukucheka. Amekuachia kitanda akalala sakafuni, na hilo lina heshima yake. Kwa hiyo nimejizuia, ingawa kalamu haitaki. Mwenyewe unajua ninachoamini: mjamzito anayekoroma asiachwe alale peke yake. Namna ya kulitimiza hilo, iwe ni mlango kuachwa wazi na godoro kusogezwa karibu nao, iwe ni yeye kurudi chumbani siku ambazo haendi kazini, au wifi yako anayesoma huko Dodoma kuja kulala nanyi, ni jambo la kuzungumza ninyi wawili, na ulizungumze bila kuinamisha uso. Mwambie kinachokutisha. Ukificha mkoromo kwa mumeo, utaficha na mengine.

Na kuhusu kuja nyumbani, ni kweli kwamba mimba ya kwanza kwetu hujifunguliwa kwa mama, na hakuna ninachokitamani zaidi ya hicho. Huku nitakusikia mimi, maana tangu bibi yako atutoke usingizi wangu umekuwa mwepesi wakati wa usiku wa manane. Lakini barabara ya kutoka Dodoma, kupitia Morogoro na Chalinze na Segera hadi Muheza, ni siku nzima ya kukaa kwenye kiti miguu ikining'inia, na sitaki kukuona unaianza hujui presha yako ni ngapi, kwa sababu tu umekimbia aibu ambayo si yako. Kama presha ni nzuri na mkunga akaridhia safari, utasimama kila kituo unyooshe miguu, na utakunywa maji njiani. Kama imefika 140 kwa 90 au kupita, basi huko huko, karibu na hospitali kubwa, ndiko mahali pako, na mimi ndiye nitakayepanda basi.

Kwa hiyo nenda kliniki kesho, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Omba wapime presha na mkojo, waeleze habari ya mkoromo kabla hawajakuuliza lolote, kisha nitumie namba zote mbili za presha kama walivyoziandika. Nikishaziona ndipo nitakuambia njoo au kaa, ingawa baba yako amekwisha kuulizia nauli ya pande zote mbili.

Nisalimie mkwe wangu, umwambie namshukuru.

Mama yako