Kamera Imesimama na Nani? Kuchambua Filamu Fupi ya Magenge ya Vijana

Chambuzi nyingi za filamu fupi za magenge ya vijana huishia kwenye mada: umaskini, malezi, ajira. Hayo anaweza kuyasema hata mtu ambaye hajaitazama filamu yenyewe. Mchambuzi wa ufundi ana swali lake: kamera imesimama na nani, na inahamia kwa mwingine wakati gani?

Mtazamaji wa Dar es Salaam huja na hofu yake tayari kichwani. Mwanzoni mwa Januari 2015 uvumi wa Panya Road, magenge ya vijana waporaji, peke yake ulitosha kuwafanya watu wafunge maduka na kukimbilia majumbani, na mwaka 2022 jina hilo likarudi tena kwenye habari. Mwongozaji analijua hilo. Akiweka kelele za mbali na geti linalofungwa kwa haraka, genge tumeshaliona, ilhali hajaonyeshwa kijana hata mmoja. Hapo ndipo pa kuanzia: je, filamu inatuonyesha vijana, au inatuonyesha watu wanaowakimbia?

Usijaribu kuchambua filamu nzima. Chagua tukio moja la dakika mbili hivi, hasa lile ambalo nguvu inahama mikononi: kijana anaingizwa kundini, kundi linamzingira mtu, mkubwa wa kijiwe anajibiwa kwa mara ya kwanza. Litazame kawaida, kisha lirudie ukiwa umezima sauti, halafu igeuze simu kifudifudi usikilize tu. Baada ya hapo chora jedwali. Kila shoti, yaani kipande cha picha kati ya mkato mmoja na mwingine, ipe mstari wake: namba ya shoti, muda inapoanza, imedumu sekunde ngapi, ni ya karibu au pana, kamera iko juu au chini, inatembea au imetulia, kinachosikika, na uso wa nani tunautazama. Kwenye VLC, programu ya kutazamia video, bonyeza herufi E, video inasimama na kusogea fremu moja moja, yaani picha moja baada ya nyingine. Kwa YouTube kwenye kompyuta, simamisha kwanza. Kitufe cha nukta (.) kinasogeza mbele, cha koma (,) kinarudisha nyuma.

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo yenye mali. Jumlisha sekunde za kila uso. Tuseme mama ntilie aliyeporwa amepewa sekunde 4, na kijana aliyempora sekunde 31. Filamu imeshachagua upande, hata kama mazungumzo yanamlaani kijana huyo mwanzo hadi mwisho.

Pembe ya kamera ndiyo inayowaponza wengi. Wamefundishwa kwamba kamera ikiwa chini mtu anaonekana mwenye nguvu, basi wanaandika hivyo kila wakikutana nayo. Angalia kwanza nani angeweza kuona kutoka kimo hicho. Kamera ikiwa usawa wa kiuno, na shoti iliyotangulia ilikuwa ya mtoto aliyekaa kibarazani, basi tunawatazama wale kaka kwa macho ya mtoto. Anachokiona huenda ni kitu cha kutamani, wala si cha kuogopa. Na kijana huyohuyo akiinama mbele ya bibi yake na kusema "shikamoo", tazama kamera imepanda kiasi gani. Ikimtazama kutoka juu, kimo cha bibi, ukubwa wote wa kijiweni umefutwa kwa shoti moja.

Lenzi nayo ina lake. Kamera ikiwa mbali na picha ikavutwa kwa lenzi ndefu, uchochoro wa Tandale au Manzese unabana. Kuta zinakaribiana na vijana sita wanaonekana umati. Ukipigwa uchochoro uleule kwa lenzi pana, kamera ikiwa karibu na uso, pua inakua, nyuma panakuwa mbali, na kijana anabaki peke yake hata akiwa na wenzake.

Mwendo wa taratibu wa picha (slow motion) usiupe zaidi ya mstari mmoja. Mara nyingi umewekwa kwa kuwa unapendeza tu.

Kwenye sauti, tenga muziki uliomo ndani ya tukio na ule uliobandikwa na mhariri. Singeli ikitoka kwenye spika ya kibanda, wahusika wanapaza sauti kuizidi, na wakikata kona inafifia. Ikiendelea kwa nguvu ileile huku tumehamia chumbani, ni ya mhariri. Singeli nyingi zinapita midundo 200 kwa dakika, kwa hiyo hesabu kama mikato inafuata mdundo. Pale mikato inapoacha kuufuata ghafla, simamisha video. Aghalabu kuna jambo limetokea usoni mwa mtu. Sikiliza pia panga likiburuzwa kwenye lami. Waongozaji wengi huacha pigo lenyewe nje ya picha, wakatuachia mlio na uso wa anayeshuhudia. Bajeti ina mkono wake hapo, na Bodi ya Filamu pia inawasubiri kwenye madaraja ya umri wa watazamaji. Hata hivyo, uso uliochaguliwa kushuhudia haukuchaguliwa na bajeti.

Kasoro zinahitaji jicho la haki. Mistari myeusi inayopanda kwenye picha chini ya taa si ishara ya akili iliyovurugika. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na mpiga picha alisahau kuweka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, kwenye sekunde 1/50 au 1/100. Vilevile, kijana aliyekuwa akitazama kulia akigeuka kutazama kushoto bila yeye kusogea, kamera imevuka mstari wa kufikirika unaowaunganisha wazungumzaji, ikawapiga kutoka upande wa pili. Kwenye chumba cha kupanga huenda hapakuwa na pa kusimama pengine. Kipimo ni kujirudia. Likitokea mara moja, lipite. Likitokea kila mhusika yuleyule anapoingia, au sekunde ileile anapokubali kushika panga, liandike.

Kuandika kwenyewe: "Mwongozaji ametumia shoti ya karibu kuonyesha hisia" ni sentensi inayoingia filamu yoyote, kwa hiyo haina kazi. Taja muda, kinachoonekana, kilichotangulia, na kinachobadilika kwa mtazamaji. Kwa mfano: "Dakika ya 4:12 tunakaa sekunde 9 kwenye mkono wa kijana ulioshika panga, baada ya shoti saba ambazo hakuna iliyozidi sekunde 2. Vidole vinalegea, kisha vinakaza tena. Wenzake wanasikika wakicheka lakini hawaonekani. Kwa mara ya kwanza yuko nje ya kundi." Aya tatu za namna hiyo zinatosha kwa tukio la dakika mbili. Ukiona umefika ya sita, rudi kwenye jedwali uangalie zipi zinarudia shoti ileile kwa maneno mengine, uzikate.