Diski Iliyochomekewa Chaja ya Laptopu: Je, Picha Zitapona?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaendesha studio ndogo ya picha mjini Morogoro. Picha za harusi za wateja nimezihifadhi kwenye diski ya nje ya mezani, ile kubwa inayotumia adapta ya volti 12. Msaidizi wangu aliichomekea kimakosa chaja ya laptopu ya volti 19, na tangu hapo haiwaki wala haitoi sauti. Hata nikiichomekea adapta yake halisi, taa ya adapta huzimika papo hapo. Gharama niliyotajiwa na kampuni moja siimudu. Je, ipo njia nafuu?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Hiyo taa inayozimika inanipa matumaini, kwa kuwa ni dalili kwamba kuna kitu kimepiga shoti, na katika ajali kama yako kitu hicho mara nyingi ni dayodi ya ulinzi, ambayo huwekwa karibu na tundu la umeme makusudi ili umeme ukizidi iungue yenyewe na kuokoa vifaa vingine. Picha zako zimo kwenye visahani ndani ya diski, wala si kwenye bodi ya saketi iliyo nje.

Mwombe fundi aitoe diski kwenye kasha lake kisha ajaribu adapta kwenye kasha tupu. Taa ikiendelea kuzimika, shoti imo kwenye bodi ya kasha, na huenda diski ni nzima. Ikibaki inawaka, shoti imo kwenye diski yenyewe. Hapo fundi ageuze diski, aangalie pembeni mwa tundu la umeme, ambako kwa kawaida kuna dayodi mbili nyeusi, moja ya njia ya volti 12 na nyingine ya volti 5, azipime kwa multimita bila umeme wowote. Ile inayosoma karibu na sifuri pande zote mbili imekufa, na kwa fundi simu mwenye mkono mzuri wa lehemu, kuiondoa ni kazi ya dakika chache. Diski itafanya kazi bila dayodi hiyo, lakini haitakuwa tena na kinga, kwa hiyo iwashwe kwa umeme sahihi tu, na kazi yake iwe moja: kunakili picha zote kwenye diski nyingine. Hata ukihamishia diski kwenye kasha jingine, la zamani usilitupe, kwa sababu baadhi ya makasha husimba data, yaani huigeuza kuwa maandishi ya siri, na bila bodi yake faili hazisomeki.

Diski ikizunguka lakini ikasoma kwa kusuasua, usifungue picha moja moja. Tumia ddrescue, programu ya bure ya Linux, ambayo hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huzirudia baadaye zile ngumu, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia.

Kama haizunguki kabisa, usikubali fundi abadilishe bodi kwa kuangalia modeli peke yake. Diski za siku hizi huwa na vipimo vyake binafsi, ambavyo mara nyingi hukaa kwenye chipu ndogo ya miguu 8, na chipu hiyo lazima ihamishiwe kwenye bodi mpya. Ikigonga tak-tak, izime mara moja, isifunguliwe wala kuwekwa kwenye friza, maana hapo vichwa vya kusomea vinaweza kukwaruza visahani, na kazi hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi.