Pampu ya kisima ikiangusha breka
Ndugu, breka ikianguka muda mfupi baada ya kuwasha pampu, anza na jointi ya kebo ya pampu iliyo kisimani. Tepu ya kawaida haizuii maji kabisa. Zima umeme, vuta pampu. Bana kila waya kwa feruli yake (kibomba cha chuma cha kuunganishia waya), viungo vipishane, visikae usawa mmoja, kisha funika kila kimoja kwa mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani; mpira mkubwa zaidi ufunike vyote pamoja. Loweka jointi kwenye ndoo usiku kucha, ncha za kebo zikiwa nje na kavu, upime kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye waya) ya volti 500. Pampu mpya ikisoma chini ya megaomu 20, usishushe.

Ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini): kwa mawe ya Mwanza fimbo ya ethi haizami, hivyo fukia waya mtupu wa shaba kwenye mtaro mrefu wa udongo mnyevu. Bomba la chuma la kisima liunganishwe na waya huo pia.