Barua za Wasomaji: "Mwizi Naye Atafutiwe Wakili?"

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza jambo moja: aliyekamatwa ana haki gani ya kutetewa, na asiye na fedha afanyeje. Tumechagua tano.

Duka langu limevunjwa mara mbili mwaka huu. Aliyekamatwa na mali yangu amekuja mahakamani na wakili anayepinga kila kitu. Wakili wa namna hiyo hashirikiani na mwizi? Na kwa nini Serikali itoe hela kuwatetea watu kama hao?
*Mfanyabiashara, Soko la Kilombero, Arusha*

Pole sana kwa hasara. Swali lako si la aibu, maana wengi wanaliuliza kimoyomoyo, na ndilo linalowasha tairi pale mtu anapopigiwa kelele za "mwizi!" mtaani.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike hivyo. Wakili hatoi ushahidi, wala haruhusiwi kuidanganya mahakama au kuleta shahidi ambaye wakili mwenyewe anajua ni wa uongo. Kazi yake ni kuupima ushahidi wa upande wa mashtaka, na anaweza kuifanya hata kwa mteja ambaye yeye mwenyewe hamwamini.

Anachokipima katika kesi yako ni hiki: je, mali ilikamatwa kwa huyo mtu kweli, ni mali yako kweli, na imeibwa siku za karibuni? Ukiulizwa "umeitambuaje redio hii?" ukajibu "naijua tu ni yangu", umeiangusha kesi kwa mdomo wako mwenyewe. Taja alama kabla hujaonyeshwa kitu: namba iliyoandikwa nyuma, ufa kwenye kona, waya uliobadilishwa. Peleka risiti. Uliza kama polisi walijaza hati ya ukamataji mali na kama shahidi huru, mathalani balozi wa nyumba kumi au jirani, aliisaini. Mambo hayo yakikaa sawa, maswali ya wakili hayakuumizi. Yanakusaidia, kwa sababu hukumu iliyopitia maswali magumu haivunjiki kirahisi kwenye rufaa. Anayehukumiwa kienyeji anaweza kuachiwa miaka mitano baadaye kwa kasoro ambayo ingerekebishwa siku ya kwanza, na wewe hutapata mali wala haki.

Sisi wa Arusha tuna mfano mkubwa zaidi hapahapa nyumbani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa katika jengo la mikutano la AICC hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Walioletwa pale walituhumiwa kwa mauaji ya kimbari, na wasio na uwezo walilipiwa mawakili na Umoja wa Mataifa. Kati ya watu 93 walioshtakiwa, 62 walipewa adhabu na 14 wakaachiwa huru. Bila utetezi wa kweli, hao 14 wangetenganishwaje na wale 62? Kama mtuhumiwa wa kosa zito kuliko yote duniani alipewa wakili katika jiji hili, hatuoni sababu ya kumnyima kijana wa Unga Limited anayedaiwa kuiba redio.

Shikamooni. Kijana wangu amekamatwa jana saa moja jioni, tunaambiwa anahojiwa, haturuhusiwi kumwona. Nianzie wapi?
*Mama wa Ngarenaro, Arusha*

Marahaba, Mama. Anza na karatasi na kalamu. Andika saa aliyokamatwa, mahali, nani alishuhudia, na kituo alikopelekwa. Saa hiyo ina uzito kuliko unavyodhani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi muda wa saa nne wa kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi nane, naye lazima aambiwe. Muda wa kumsafirisha na wa kumsubiri wakili au ndugu hauhesabiwi. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila utaratibu yameondolewa mara nyingi kwenye kumbukumbu za mahakama, lakini wakili ataijengaje hoja hiyo ikiwa hakuna anayekumbuka kijana alikamatwa saa ngapi?

Kisha nenda kaunta ya kituo na kitambulisho chako. Uliza kwa upole mambo matatu: anatuhumiwa kosa gani, mpelelezi wake ni nani, na namba ya jalada. Omba awasiliane nawe au na wakili, maana mtuhumiwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ukikataliwa, omba kumwona mkuu wa kituo, na ukitoka andika jina au namba ya askari aliyekukatalia pamoja na saa.

Hatari kubwa iko kwenye maelezo ya onyo. Kabla ya kuyaandika, askari anapaswa kumwonya kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Ukipata dakika mbili za kuzungumza naye, mwambie haya: ataje jina lake na anapoishi, kuhusu tukio anaweza kusema atatoa maelezo wakili au ndugu yake akiwapo, asisaini karatasi tupu, asomewe kila ukurasa na aombe kurekebisha kilichokosewa kabla ya kusaini. Vijana wengi husaini wakidhani ni fomu ya dhamana. Baadaye karatasi hiyo inaletwa mahakamani kama ungamo.

Ikiwa amepigwa, aseme mara ya kwanza anapofika mbele ya mtu asiye askari, iwe ni mlinzi wa amani (ofisa wa mahakama anayeandika maelezo ya mtuhumiwa) au hakimu siku ya kusomewa mashtaka, na aombe iandikwe. Nanyi ombeni mapema PF3, fomu ya polisi ya kupimwa hospitali, kwa maana majeraha hupona na ushahidi hupotea nayo.

Kuhusu dhamana: kama kosa si la adhabu ya kifo, anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, au apewe dhamana ya polisi. Dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi. Andaa wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa au ya mtendaji wa kata, yenye picha na mhuri. Dhamana hukwama kwa mambo madogo sana: jina kwenye barua linatofautiana na la NIDA kwa herufi moja, mhuri haujagusa picha, au mdhamini anafika saa nane mchana wakati hakimu ameshaondoka na kijana anapandishwa karandinga kwenda gereza la Kisongo. Wafike asubuhi.

Kaka yangu anashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika Mahakama ya Wilaya. Dhamana hakuna, wakili hatumwezi. Ni kweli Serikali inampa wakili? Na asipopewa atajiteteaje?
*Mdogo mtu, Majengo, Moshi*

Hapa ndipo tunapokerwa na mfumo wetu, na tutalisema wazi. Anayeshtakiwa kwa mauaji mbele ya Mahakama Kuu akiwa hana wakili, anawekewa kwa gharama ya Serikali. Anayeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, lakini katika Mahakama ya Wilaya mara nyingi husimama peke yake kizimbani mbele ya mwendesha mashtaka aliyesomea sheria. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ililiona hilo. Katika hukumu ya tarehe 20 Novemba 2015 ilisema Tanzania ilikiuka haki ya mtu aliyefungwa miaka 30 kwa kosa hilohilo bila kupewa wakili. Tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mwananchi kufungua shauri jipya moja kwa moja, baada ya nchi yetu kuondoa tamko lililouruhusu, kwa hiyo pigania haki ya kaka yako katika mahakama za nyumbani.

Njia ipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamwezesha hakimu kuagiza mshtakiwa apatiwe msaada, akiona kwamba haki inadai hivyo na kwamba mtu hana uwezo. Mahakama haipigi ramli, lazima iombwe. Siku kesi inapotajwa, kaka yako anyooshe mkono na kusema: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, kosa langu ni la miaka 30, naomba mahakama iagize nipatiwe msaada wa kisheria, na naomba ombi langu liandikwe." Hilo la mwisho asilisahau. Ombi lisiloandikwa halipo mbele ya majaji wa rufaa. Wewe kwa upande wako uliza halmashauri kuhusu msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria, na ofisi za Chama cha Wanasheria Tanganyika. Wasaidizi wa kisheria watawaelekeza na kuwaandikia barua bure, ila hawaruhusiwi kusimama mahakamani. Anayekudai "hela ya hakimu" ni kishoka. Jina la wakili unaweza kulihakiki kwenye mfumo wa mtandaoni wa e-Wakili wa Mahakama.

Asipopata wakili, kuna mahali panne ambapo watu hujimaliza wenyewe.

Pa kwanza ni kujibu shtaka. "Ni kweli nilikuwa naye lakini sikuchukua kitu" si kukiri kosa, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Ila mtu aliyechoka mahabusu akijibu "ni kweli" tupu, kisha akakubali maelezo yote ya kosa, rufaa yake itabaki zaidi kwenye ukubwa wa adhabu. Pa pili ni usikilizwaji wa awali, pale yanaposomwa mambo yasiyobishaniwa. Akubali jina lake na anapoishi. Asikubali kwa kuitikia tu kwamba alikutwa na mali au alikuwapo kwenye tukio, kama si kweli. Na kama atadai alikuwa kwingine siku hiyo, atoe taarifa mahakamani kabla usikilizwaji haujaanza. Akichelewa kabisa, atoe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake, la sivyo mahakama inaweza isiupe utetezi huo uzito.

Pa tatu ni maelezo ya onyo yanapoombwa kupokelewa kama kielelezo. Hakimu atamuuliza, "Una pingamizi?" Kama alipigwa au hakuyaandika, aseme papo hapo. Mahakama italazimika kufanya uchunguzi kwanza kujua yalitolewa kwa hiari au la. Akisema "sina pingamizi", halafu akalia kwenye utetezi kwamba aliteswa, ataambiwa ni fikra za baadaye.

Pa nne ndipo pazito, nako ni maswali ya dodoso, yaani kumhoji shahidi wa upande wa mashtaka. Mshtakiwa wetu wa kawaida huambiwa "muulize shahidi", naye anaanza kuhutubia: "Huyu ananisingizia, ana chuki na familia yetu!" Hakimu anamkata, anakaa chini, na ushahidi unabaki umesimama kama mwamba. Jambo asilolihoji huhesabika amelikubali. Aandae maswali mafupi. Ikiwa kesi ni ya usiku na imesimama juu ya utambuzi, Mahakama ya Rufani iliweka tangu mwaka 1980 mambo ya kuangaliwa: mwanga, umbali, muda wa kumtazama, kama mlijuana, kama kulikuwa na kizuizi. Basi aulize: Taa ilikuwa ya aina gani, na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani? Ulisimama hatua ngapi kutoka kwangu? Kwa muda gani? Ulinifahamu kabla? Polisi ulienda siku gani, na siku hiyo ulitaja jina langu? Kama hukulitaja, kwa nini? Swali hilo la mwisho limewaokoa wengi, kwa kuwa shahidi aliyemtambua mtu hutarajiwa kumtaja mapema iwezekanavyo. Asiulize "kwa nini unanisingizia?" Swali hilo humpa shahidi nafasi ya kurudia kila kitu kwa sauti kubwa zaidi.

Unapokwenda kumtembelea gereza la Karanga, kaeni mfanye mazoezi ya maswali hayo.

Mwanangu ana miaka 16. Anahojiwa peke yake na wenzake wakubwa. Ni sawa?
*Mzazi, Pasua, Moshi*

Si sawa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake zinataka mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii awepo anapohojiwa, atenganishwe na watu wazima, na shauri lake lisikilizwe faragha katika Mahakama ya Watoto. Wala mtoto hapewi adhabu ya kifungo cha gerezani. Peleka cheti cha kuzaliwa leo hii, kwa sababu umri wa kukadiria kwa macho ndio unaowapeleka watoto mahabusu ya wakubwa. Kama cheti hakipo, kadi ya kliniki au barua ya shule itasaidia wakati unakishughulikia. Afisa ustawi wa jamii yuko halmashauri, mpigie kabla hujaenda kituoni.

Mjomba amehukumiwa na Mahakama ya Wilaya wiki tatu zilizopita, hakuwa na wakili. Tumechelewa kukata rufaa?
*Msomaji, Usa River*

Kuna hatua mbili, na wengi huzichanganya. Taarifa ya nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu. Sababu za rufaa zenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri hauhesabiwi. Kesi ingekuwa imeanzia Mahakama ya Mwanzo, angekuwa na siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya.

Kwanza mwulize kama alitoa taarifa akiwa gerezani. Wafungwa hufanya hivyo kupitia mkuu wa gereza, na ikiwa aliikabidhi pale ndani ya siku 10, yuko salama hata kama karatasi haijafika mahakamani. Ombeni nakala yenye mhuri na tarehe. Kama hakuitoa, aombe Mahakama Kuu imwongezee muda, kwa maombi yenye kiapo kinachoeleza sababu ya kila siku iliyopita. "Sikujua sheria" peke yake haikubaliki kirahisi. Kuhamishwa gereza au kuugua kunakubalika zaidi kukiwa na barua ya gereza au ya zahanati. Wakati huohuo andikeni barua leo ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo, mkitaja namba ya kesi na tarehe ya hukumu, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Tarehe ya mhuri huo ndiyo itakayotumika kuonyesha lini mliomba nakala.