Kujitolea kwenye makumbusho ya Holocaust pale Skokie: jibu langu kwa mkuu aliyeuliza

Mkuu umeuliza kama kuna maana yoyote kwenda kujitolea kwenye ile makumbusho ya Holocaust, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Hitler, hapo Skokie, nje kidogo ya Chicago, wakati unasubiri mambo yako yakae sawa. Wadau wawili watatu wamekwambia achana nayo, hayo ni ya Wayahudi hayatuhusu, na shemeji yetu nae anakucheka eti umevuka bahari kuja kufanya kazi ya bure. Mi nilikuwepo pale karibu miaka miwili, 2018 mpaka korona ilipofunga kila kitu, kwaiyo ntasema ninachokijua, itakuwa ndefu, mwenye haraka zake apite tu.

Kwanza nikiri, sikwenda pale kwa wema wowote. Nilikwenda kwa sababu ya mkate.

Nilikuwa nabeba boksi, yaani vibarua, kama wengi wetu huku, ila boksi langu lilikuwa la kutunza wazee, usiku nalala kwa mzee mmoja Evanston, mchana nipo kwa bibi mmoja Skokie, miaka karibu tisini, mpole, mchache wa maneno. Wiki ya pili tu nikasema nimpangie kabati. Nafungua droo ya soksi nakuta slesi za mkate zimefungwa kwenye tishu, moja moja, zingine zimeshaota ukungu wa kijani. Nafungua droo ya pili, mkate. Chini ya mto, mkate. Mi nikajua ni usahaulifu wa uzee, nikakusanya zote nikatupa, nikafuta droo na dawa, nikakaa nasubiri nisifiwe. Jioni bibi akafungua droo. Hakupiga kelele. Alikwenda jikoni akapiga magoti kwenye dastibini, mtu anayeshindwa hata kuvaa viatu mwenyewe, akaanza kuchambua taka kwa mikono, na mikono inatetemeka.

Nikampigia binti yake nikijua kazi imeisha leo. Wala hakunigombeza, akanambia mama alitoka kwenye kambi ya Wanazi ana miaka kumi na tano na tangu siku hiyo hajawahi kulala nyumba ambayo hajui mkate uko wapi. Akaongeza na bafuni, kambini watu waliuawa kwa gesi kwenye vyumba vilivyofanywa vionekane bafu, ndo maana anakataa kuoga, fungua maji kwanza ayaone yanatoka, afu ndo umwingize. Ile ajensi iliyonipeleka ilinipa makaratasi ya kisukari, ya presha, ya namna ya kumnyanyua mtu usiumize mgongo, la hili hakuna. Yule binti akasema kama unataka kumwelewa mama yangu nenda makumbusho, iko dakika kumi na gari kutoka hapa. Nikaenda siku yangu ya ofu. Ndo ikawa nimenasa.

Sasa kwanini makumbusho kama ile iwe Skokie, kitongoji tu, na sio mjini kati? Hii wengi wanaoishi palepale hawaijui. Baada ya vita ya pili ya dunia Wayahudi walionusurika walihamia pale kwa wingi sana, wakafungua maduka, wakasomesha watoto, na yaliyowapata hawakuyasimulia hata kwa watoto wao. Mwaka 1977 kikundi cha Wanazi wa Kimarekani kikatangaza kitaandamana Skokie na magwanda na bendera zao za swastika. Kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na waliowatetea Wanazi kwenye haki ya kuandamana ni mawakili wa ACLU, watetezi wa uhuru wa kusema, jambo ambalo mpaka leo ukiligusa pale wazee wanabishana. Mwisho wa siku Wanazi hawakuandamana Skokie, 1978 wakaishia Chicago kwenyewe. Ila wazee wakawa wameshaona kunyamaza hakukuwasaidia kitu. 1981 wakaanzisha taasisi, baadae wakafungua kimakumbusho kadogo kwenye fremu ya duka mtaa wa Main, wenyewe ndo wasimuliaji na wenyewe ndo wafagiaji. Jengo kubwa la sasa lilifunguliwa Aprili 2009. Kwaiyo mkuu ukisikia "kujitolea" pale usidhani ni kitu cha pembeni, makumbusho yenyewe imezaliwa na watu wa kujitolea.

Na wageni wakubwa pale ni watoto wa shule. Illinois ndio jimbo la kwanza Marekani kulazimisha shule zifundishe Holocaust, sheria ya 1990, na 2005 wakaongeza mauaji ya kimbari mengine, Rwanda ikiwemo. Ndo maana asubuhi utaona mabasi ya njano yamejipanga.

Utaratibu hauna mbwembwe. Unajaza fomu, unaitwa intavyuu, wanaangalia rekodi yako kwa sababu ya watoto, unafundishwa. Wale wanaoongoza wageni ndani wanasoma miezi, vitabu juu ya vitabu, mi na shifti zangu mbili nisingeweza, nikawekwa mlangoni. Napokea basi, nahesabu vichwa, naelekeza makoti yawekwe wapi, nawaambia watoto wateme bigijii, nasukuma wilichea ya mzee aliyekuja kusimulia. Usidharau mlango. Jengo limechorwa hivi, unaingia upande mweusi, unateremka kwenye giza la historia, unatokea upande mweupe wenye mwanga. Mi nawaona wanavyoingia wanasukumana na kucheka, afu nawaona wanavyotoka. Katikati kuna behewa la treni la Kijerumani, la mizigo, la aina walizosafirishia watu kwenda kambini. Hapo hata yule mtundu wa darasa anashusha sauti bila kuambiwa.

Kuna ukumbi wana hologramu za walionusurika, walirekodiwa kwa kamera nyingi siku kadhaa wakijibu maswali zaidi ya elfu, sasa mtoto anauliza na yule mtu anamjibu kama vile kakaa pale jukwaani. Mmoja ni Fritzie Fritzshall, alikuwa rais wa makumbusho mpaka alipofariki 2021. Alikuwa binti mdogo kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, baadae akapelekwa kambi ya kazi na wanawake 599, yeye ndo mdogo wao. Wale wanawake kila mmoja alikuwa anamwachia punje ya mkate wake, chembe tu, kwa makubaliano kwamba akipona atawasimulia. Nilivyolisikia hilo nikatoka nje nikakaa kwenye gari. Nilikuwa nimetupa mifuko miwili ya mkate.

Sasa hili la "hayatuhusu". Siku moja kijana wa shule ya South Side, kusini mwa Chicago, mweusi, kaniona mi nae mweusi nimesimama mlangoni na beji, akaniuliza taratibu kama hataki wenzake wasikie: watu weusi walikuwepo? Sikujua. Nikasema nadhani hapana. Jibu lile lilinikera nafsi mpaka nyumbani nikakaa na simu natafuta, nikamkuta Mohamed Husen. Mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Mtoto wa askari Mwafrika wa jeshi la kikoloni la Mjerumani, na yeye akiwa bado mtoto akaingizwa vita ya kwanza, 1929 akaenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, hakulipwa. Akabaki, akawa weita, akaigiza vipande kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Kiswahili, mkuu! 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na mwanamke wa Kijerumani, wakamtupa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Hakuwa Myahudi, na sitaki kuchanganya, Wayahudi waliouawa ni milioni 6 na walisakwa watoto kwa vikongwe, hiyo ni habari nyingine kwa ukubwa. Ila nilisoma Bongo mpaka fomu foo na sikuwahi kulisikia jina la yule mtu. Yule kijana sikumwona tena nimpe jibu la kweli.

Halafu mi ni Mhangaza wa Ngara, mpakani na Rwanda. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, nina miaka kumi, mama alitukataza kuchota maji mtoni kwa sababu ya vilivyokuwa vinapita. Mwisho wa mwezi ule watu karibu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa siku moja hivi, tukaamka Benaco, pale Ngara, imekuwa jiji la maturubai. Tuliwauzia ndizi. Baadae ndo nikaelewa kwamba kwenye foleni ile ile ya ndizi alikuwepo mtu anaekimbia kifo na alikuwepo aliyetoka kuua, na mama aliwapimia wote kwa mizani moja. Hii habari sikuwahi kumwambia mtu yeyote Marekani mpaka siku moja kwenye chumba cha wafanyakazi, tunakunywa kahawa, mzee mmoja wa kujitolea kaniuliza natoka upande gani wa Tanzania. Alisikiliza yote. Hakunipa pole wala nini, aliuliza ndizi zilikuwa aina gani.

Kuhusu siasa za Israeli na Palestina ambazo mdau mmoja kazileta, mi naswali, na msimamo wangu ninao na haukubadilika. Mlangoni hakuna aliyeniuliza. Utakutana na wenye misimamo yao, kama hapa tu jukwaani, ila kinachoonyeshwa mle zaidi ni Ulaya ya 1933 mpaka 1945. Kama makaratasi yako ya kuishi huku bado, muulize wakili wako kwanza, usimsikilize mtu wa mtandaoni hata mimi. Na kama unatafuta cheti cha kupamba CV kuna sehemu za haraka zaidi. Usafiri ni basi namba 97 kutoka Howard mpaka Old Orchard afu unamalizia kwa mguu, Januari ule upepo utakutafuta hadi kwenye mifupa, vaa koti la maana. Shemeji mpeleke siku moja kama mgeni kabla hamjaendelea kubishana.

Na yule bibi, najua mtu ataniuliza. Nilimnunulia kopo la bati lenye mfuniko, nikaliweka kwenye droo yake ya soksi. Kila Ijumaa akisinzia natoa slesi za zamani naweka mpya, idadi ile ile, saba, nikijua hanioni. Ijumaa moja nilikuwa na haraka nikaweka sita. Nishavaa koti nashika kitasa, nasikia sauti kutoka kitandani, macho kafumba, anasema moja imepungua. Nikarudi jikoni.