Maswali ya Wasomaji: Hewa Inavyozunguka Ndani ya Injini ya Mazutu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi katika garaji moja ya Kadutu, hapa Bukavu. Lori la mteja wetu, ambalo hupandisha mizigo kutoka Uvira kupitia mlima wa Ngomo, lilifunguliwa silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, baada ya jointi inayokaa chini yake kuungua. Mwenzangu aliona kwamba njia za kuingizia hewa zimepinda mno, akazisaga mpaka zikanyooka ili injini ipumue vizuri, kisha akafunga jointi nene kuliko ile ya kwanza. Tangu hapo lori linatoa moshi mweusi mlimani, ijapokuwa injekta, yaani vinyunyizio vya mazutu, zimepimwa na zinafunguka kwenye shinikizo la bar 200 kama inavyotakiwa. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu fundi, injekta zako hazina hatia. Mwenzako amenyoosha kitu ambacho kilipindishwa kwa makusudi, na jointi nene imeongeza hasara juu ya hasara.

Injini ya mazutu (dizeli) huvuta hewa tupu, ikaibana mpaka ikawa na joto kali, na mazutu hunyunyiziwa dakika ya mwisho kabisa. Kusema dakika ni kukosa neno: injini inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, unyunyizaji unaochukua nyuzi 24 za mzunguko wa krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, humalizika katika elfu mbili za sekunde. Ndani ya muda huo mazutu hayana budi kupasuka kuwa matone madogo, kugeuka mvuke, kukutana na hewa na kuanza kuungua. Kilo moja ya mazutu huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa, na kwa kawaida silinda huwa na hewa zaidi ya hiyo; hata hivyo injini hufuka moshi, kwa kuwa mazutu yaliyo katikati ya mnyunyizo hukosa hewa na kugeuka masizi, huku hewa iliyo kando ikitoka bila kutumika. Kwa hiyo moshi mweusi si lazima uwe na maana kwamba hewa ilipungua. Mara nyingi ilikuwapo, lakini haikukutana na mazutu.

Kinachoikutanisha nayo ni mwendo wa hewa yenyewe. Ukigeuza silinda hedi ya injini kama ya lori hilo na kuchungulia juu ya vali ya kuingizia, utaona njia inajikunja kuzunguka shina la vali kama ganda la konokono. Hewa ikipita hapo huingia kwa ubavu na kuzunguka ndani ya silinda, katika injini nyingi za namna hiyo mara mbili hivi kwa kila mzunguko mmoja wa krankishafti. Pistoni ikipanda, hewa husukumwa ndani ya bakuli lililochongwa juu yake, na kwa kuwa duara limekuwa dogo, mzunguko huongezeka kasi: bakuli likiwa na kipenyo nusu ya kile cha silinda, kasi ingefika mara nne, lakini msuguano huipunguza. Ndipo ukingo wa pistoni unapokaribia silinda hedi, nafasi ikibaki milimita moja hivi, na hewa iliyobanwa pale huchomoka kuelekea katikati, ikagongana na ile inayozunguka. Mgongano huo huivunja mikondo mikubwa kuwa vizingia vidogo vidogo, na msukosuko huo ndio unaochanganya hewa na mazutu.

Sasa tazama kilichofanywa na jointi nene. Imeongeza nafasi ya ukingoni, hewa inabaki pale bila kazi, na mbano wa silinda nao umeshuka. Kwa injini nyingi watengenezaji hutoa jointi za unene tofauti, zilizotiwa alama za vipengo au vitundu ukingoni, na huchaguliwa kwa kupima jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Ipime, usikisie.

Haifai pia kudhani kwamba mzunguko ukizidi ndipo mambo huwa mazuri. Ukipita kiasi, mnyunyizo wa tundu moja la injekta husukumwa juu ya mnyunyizo wa jirani yake, na joto hupotelea kwenye kuta. Injini za siku hizi zinazonyunyizia kwa zaidi ya bar 1,500 kupitia vitundu vingi vyembamba huhitaji mzunguko mdogo sana, na huenda mwenzako aliona njia za injini hizo zilivyonyooka akadhani ni somo kwa injini zote.

Kuhusu mlima, msukosuko hukua pamoja na mwendo wa injini, na hulegea injini inapozunguka polepole. Dereva anayeng'ang'ania gia nzito pale Ngomo akiwa amekanyaga mafuta mpaka chini anamwaga mazutu mengi katika hewa iliyotulia. Ashushe gia mapema. Isitoshe, Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, hivyo kila kasoro huonekana upesi. Njia iliyosagwa haiwezi kurudishwa kwa kuchomelea. Mtafutieni mteja silinda hedi nyingine, na gharama yake, kwa maoni yangu, isiwe juu yake.

SWALI: Gari langu dogo la zamani halina bakuli kwenye pistoni, na asubuhi haliwaki bila kupasha moto kwanza. Kwa nini? (Msomaji wa Ibanda)

JIBU: Injini yako ina chumba kidogo ndani ya silinda hedi, mfumo ambao Mwingereza Harry Ricardo aliufanya maarufu katika miaka ya 1930. Hewa husukumwa humo kupitia koo jembamba na kuzunguka kwa kasi kubwa, hivyo mnyunyizo usio mwembamba sana nao huchanganyika vizuri. Lakini koo hilo na kuta zake hunyonya joto, ndiyo sababu mbano wake huwa mkubwa, 20 kwa 1 au zaidi (hewa hubanwa mpaka sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza), na bado huhitaji plagi za kupasha moto. Injini hiyo pia hula mazutu zaidi kuliko ile inayonyunyizia moja kwa moja juu ya pistoni. Silinda hedi ikifunguliwa, mwambie fundi akague kipande cha chuma chenye koo hilo: kikiwa kimepasuka au kulegea, kibadilishwe kabla ya kufunga.